Masafa Hayauzwi Dukani

Sisi watu wa Tunduma tunajua kununua. Mtu aliyekulia hapa hujifunza kubadilisha kwacha kuwa shilingi kabla hajamaliza kukariri jedwali la kuzidisha. Shehena inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka na Lubumbashi hupita mbele ya milango yetu, na malori yakikwama kwenye foleni siku mbili tatu tunapata muda wa kuitazama vizuri. Kwa hiyo sishangai kwamba kijana mwenzangu aliyesoma, aliyeanza kushika hela ya kahawa ya Mbozi au ya uwakala wa forodha, anapofikiria kumiliki bunduki ya kuwindia, swali lake la kwanza ni la dukani: nichukue ipi?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulikamilisha kabla muulizaji hajamaliza. Anataka kaliba inayopiga mbali. Anataka darubini inayovuta hadi mara 25. Anataka kile kifaa cha leza kinachopima masafa. Ameshatazama video za Wamarekani waliolala kifudifudi juu ya mkeka, bunduki imesimama kwenye miguu miwili, wakigonga bamba la chuma lililo umbali wa kilomita moja, na baada ya sekunde mbili tatu "ting!" inarudi. Naye anataka "ting" yake, ila bamba lake lina miguu minne na linakula majani bondeni karibu na Ziwa Rukwa.

Nasema wazi: swali hilo limekaa vibaya, na wanaolijibu kwa kutaja majina ya bunduki wanafanya kosa kubwa zaidi kuliko anayeliuliza. Masafa hayauzwi dukani. Kinachouzwa ni ruhusa ya kujidanganya kwamba unayo, na bei ya udanganyifu huo mara nyingi hailipwi na mwenye bunduki.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina wivu. Chukua kaliba .308, ya kawaida kabisa duniani, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Bunduki ikiwa imesawazishwa kupiga katikati kwa mita 100, risasi hiyo itakuwa imeshuka karibu nusu mita ukifika mita 300. Ukifika mita 500 imeshuka karibu mita mbili, yaani zaidi ya urefu wa mtu mzima. Hilo ndilo tatizo jepesi, kwa sababu mvutano wa ardhi haubadiliki tangu asubuhi hadi jioni na unaweza kuandikwa kwenye jedwali.

Tatizo gumu ni upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa, ule unaotikisa matawi madogo tu, ukivuma kutoka ubavuni utaisukuma risasi hiyo zaidi ya nusu mita kabla haijafika mita 500. Sehemu ya swala yenye moyo na mapafu ina upana wa sahani ya chakula. Ukikosea kukadiria upepo kwa theluthi moja tu, umetoka nje ya sahani, na nje ya sahani kuna tumbo, kuna nyonga, kuna taya. Tena upepo wa bonde la Rukwa haukubali kupimwa mara moja: ulipo wewe unatoka kushoto, katikati ya bonde umetulia, na kule alipo mnyama unapanda na joto la ukingo.

Kuna na muda. Risasi hiyo huchukua kama robo tatu ya sekunde kufika mita 500. Mnyama anayetembea taratibu, mita moja kwa sekunde, atakuwa amesogea sentimita 75 kati ya kidole chako kuvuta na risasi kufika. Uliyemwona kwenye kioo ukivuta hayupo tena mahali pale.

Halafu kuna hewa yenyewe. Tunduma na nyanda za Mbozi ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko chini, kama mita 800. Hewa ya juu ni nyepesi, ya bondeni ni nzito na ina joto. Mtu anayesawazisha bunduki Vwawa na kuteremka Kamsamba na jedwali alilolikuta kwenye boksi la risasi, lililotengenezwa kwa hali ya hewa ya kwao, amebeba karatasi inayozungumzia nchi nyingine. Kwa mita 100 hatagundua. Kwa mita 500 mnyama atagundua.

Kaliba kubwa zaidi, zile magnamu, hupunguza namba hizi. Haizifuti. Na zina deni lake: mateke. Bunduki inayokupiga bega kila unapovuta hukufundisha, bila wewe kutaka, kufumba macho na kukaza mkono nusu sekunde kabla ya mlio. Nimeona vijana wanene, wenye nguvu za kubeba gunia la mahindi begani, wakitingishika kama wagonjwa wa homa kwa risasi ya tatu. Darubini ya mara 25 haisaidii hapo. Inakuza mnyama, lakini inakuza pia mtetemo wa mapigo ya moyo wako, na mchana wa jua inakuza mazigazi mpaka swala anaonekana kama anaogelea.

Utaniambia: mbona wapo watu wanaopiga mbali kwa uhakika? Wapo. Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa mfano Gold Coast mwaka 2018, ilikuwa na mashindano ya bunduki ambapo wapigaji hufika hadi yadi 1,000, karibu mita 914. Angalia wanachotumia. Hawaruhusiwi darubini juu ya bunduki. Wanalenga kwa tundu dogo la chuma, kwa kaliba za kawaida, .308 ikiwamo. Uwanjani kumewekwa vibendera vya kuonyesha upepo tangu wanapolala hadi kwenye shabaha, kila risasi wanaoneshwa ilipopiga ndipo wapige nyingine, na wengi wao wamekuwa wakifanya hivyo kila wiki kwa miaka. Chukua vibendera, chukua miaka, chukua nafasi ya kukosea na kurekebisha, kisha uniambie kilichobaki ambacho kinauzwa dukani.

Na shabaha yao ni karatasi. Karatasi ikipigwa pembeni haikimbilii matete.

Wapenzi wa bunduki wakibanwa na hesabu hukimbilia historia, na jina wanalolipenda ni la Mskoti W. D. M. Bell, aliyeitwa Karamojo kwa sababu ya Karamoja, Uganda, alikowinda mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, sehemu kubwa kwa kaliba ya milimita 7 ambayo wenzake waliiona kama kitu cha kuwindia paa. Kila anayesimulia habari zake humalizia kwa kusema: unaona, silaha sahihi! Mimi nasoma tofauti. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukimtazama kutoka kila upande. Alitembea maelfu ya kilomita kwa miguu. Alisogea. Ile bunduki ndogo ilimfaa kwa sababu alijua pa kuipeleka, na alijua hivyo kwa sababu alikuwa karibu. Sina haja ya kumsifu mtu aliyeigeuza Karamoja kuwa ghala la pembe zake. Nasema tu kwamba hata huyo mnayemtaja ni shahidi wangu, si wenu.

Tena tunayo historia ya hapa hapa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani Afrika Mashariki yalikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi, ambazo kila zikipigwa zinatoa wingu la moshi na kumwambia adui ulipo. Novemba mwaka huo Tanga, wenye moshi waliwashinda waliokuja na silaha za kisasa. Miaka minne baadaye, mwanzoni mwa Novemba 1918, mabaki ya jeshi lile yalivuka kuingia Rhodesia ya Kaskazini na kuishambulia Fife, boma la Waingereza lililokuwa ng'ambo tu ya mpaka wetu, upande wa Nakonde. Walipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, walikabidhi bunduki zaidi ya 1,000, na zilikuwa za Kiingereza na Kireno, za kuteka. Hakuna aliyekuwa amechagua. Walitumia walichokiokota, wakakijua.

Lakini kitu ninachotaka tukikumbuke zaidi katika vita hiyo si bunduki, ni mgongo. Kila boksi la risasi lilibebwa na mtu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakibeba vifaa ambavyo hawakuruhusiwa kuvitumia wala kuulizwa maoni kuvihusu. Kambi yao Dar es Salaam ilitupa jina la Kariakoo, kutokana na Carrier Corps. Leo kijana wa Tunduma akitaka darubini anampigia simu mtu wa Kariakoo, na hakuna anayefikiria kwamba jina la soko hilo ni kumbukumbu ya waliolipia uchaguzi wa vifaa vya wengine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kifaa cha masafa marefu humweka mbali mpigaji na mnyama, na humweka mbali pia na matokeo ya kosa lake. Mtu mwingine ndiye anayekwenda pale.

Baba yangu mdogo alikuwa trekka, mtu wa kusoma nyayo, katika vitalu vya uwindaji wa kitalii kaskazini mwa mkoa wetu. Kampuni sitaitaja, na haina haja, maana jambo lenyewe linaweza kutokea kwa yeyote. Mteja alikuwa mgeni, na alikuwa na .375, kaliba ambayo kanuni zetu zinaiweka kuwa ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari. Darubini yake, anasema baba mdogo, ilikuwa nene kama chupa ya chai. Walimkuta dume la nyati jioni, umbali wa mita mia tatu hivi. Mwindaji bingwa akasema tusogee. Mteja akasema hapana haja, hii inafika.

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia, "ni kweli ilifika."

Ilifika tumboni. Nyati aliingia kwenye matete na jua likaanza kuzama. Mteja alirudishwa kwenye gari. Waliomfuata ni mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori na baba mdogo, yeye akiwa mbele kwa sababu msoma nyayo hawezi kukaa nyuma. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo ya kufunulia majani. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja. Huzunguka, akasimama kando ya njia yake mwenyewe na kusubiri. Wenzake walimwua ng'ombe yule hatua chache kutoka kwao, lakini baada ya kumtupa baba mdogo na kumvunja nyonga. Mteja alilipia nyati wake kama inavyotakiwa, kwa kuwa hata anayejeruhiwa tu na kupotea huhesabiwa kuwa ameuawa. Bei ya nyati ilikuwa kwenye orodha. Bei ya nyonga haikuwamo. Leo baba mdogo anauza vocha na maji ya kunywa pale Mpemba, ameketi, na ukimwamkia "shikamoo" anaitikia akitabasamu, ila hainuki.

"Inafika." Neno hilo limebeba udanganyifu wote ninaoupinga. Kila risasi inafika. Swali ni inafika wapi, na nani anatumwa kwenda kutazama.

Najua jibu litakaloletwa, na ni jibu zito. Watasema vifaa bora hupunguza majeruhi: kioo safi kinamwonesha mpigaji kwamba lile ni jike lenye ndama, leza inamwambia kwamba ni mita 280 na si 200, bunduki sahihi inapiga palipolengwa. Yote ni kweli. Ningependa kila anayewinda awe na kioo safi. Lakini tazama watu wanavyokitumia. Aliyekuwa na uhakika kwa mita 120, akipewa kifaa bora, angeweza kuwa na uhakika maradufu kwa mita 120 zile zile. Hafanyi hivyo. Anarudi nyuma hadi mita 300, na uhakika wake unabaki nusu kama zamani. Madereva wa malori wanalijua jambo hili. Mfungie dereva breki mpya, kisha umtazame akiteremka Iwambi kwenda Mbalizi: badala ya kushuka kwa usalama zaidi, wengine hushuka kwa kasi zaidi. Usalama ulionunuliwa unatumiwa kununua mbio.

Wapo pia watakaosema ni wivu wa mwanafunzi asiye na hela. Ni kweli sina hela. Ninasomea shahada ya uzamili kwa mkopo na hisani ya dada yangu. Lakini bei ya darubini ninayoiona ikitajwa ni bei ya pikipiki mpya, na mwenye kuitoa mara nyingi hajawahi kupiga hata risasi 50 maishani mwake. Kumwambia hivyo si wivu. Ni undugu.

Sasa, kwa sababu mpinzani asiyetoa njia ni mpiga kelele tu, nitasema ningechagua nini na kwa utaratibu gani.

Kwanza, sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na awe na cheti cha umahiri. Wengi wanakitazama cheti hicho kama muhuri wa kukimbizana nao. Kitazame kama mwanzo wa mafunzo, umlipe mwalimu zaidi ya kiwango cha chini, umwombe akutese.

Pili, jua masafa yako kabla ya kuchagua bunduki yoyote. Kwenye uwanja halali wa shabaha, azima bunduki ya mwalimu, tundika sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 15. Usilale kwenye mkeka. Piga goti, egemea mti, simama, kama utakavyokuwa porini, baada ya kukimbia hatua mia. Piga tano. Zikiingia zote tano, rudi nyuma mita 25. Mahali ambapo moja imetoka, umepita mpaka wako. Kwa wengi wetu mpaka huo uko karibu kiasi cha kutia aibu, na aibu hiyo ni kifaa cha thamani kuliko leza.

Tatu, bunduki inayokutosha mwilini. Ukiinua ukiwa umefumba macho, ukafumbua, jicho liwe limekaa nyuma ya kilengeo bila kunyoosha shingo. Kaliba iwe ile ya chini kabisa inayoruhusiwa kwa mnyama wako na isiyokutia hofu. Nne, risasi: aina moja, nyingi kadiri kibali kinavyoruhusu, na sehemu kubwa iishie kwenye karatasi. Tano, vishikio vya darubini vilivyo imara, maana kioo cha bei mbaya juu ya kishikio kilicholegea ni pambo. Sita, ndipo darubini, ndogo, inayorudi palepale kila ukiirekebisha. Saba, daftari na kalamu: tarehe, joto, upepo, umbali, ilipopiga. Leza ije mwisho, na itumike kukukataza zaidi ya kukuruhusu.

Ukitaka masafa marefu kwa ajili ya masafa, kama mchezo, karibu sana. Ni mchezo mzuri wa hesabu na utulivu, na ningefurahi siku moja kuona Mtanzania akilala kwenye ule mstari wa yadi 1,000. Tundika bamba la chuma mbele ya kilima kilicho salama, ukose mara 90, ujifunze. Kukosa chuma ni elimu. Kukosa nyati ni kazi unayompa mtu mwingine.

Mwisho kuna jambo linalowahusu wasomi moja kwa moja. Mtu wa kijijini akikamatwa na gobore na mguu wa swala, gazeti linamwita jangili, na simtetei. Sheria ameivunja na mtego wake au risasi yake ya nondo inatesa wanyama. Lakini gobore lina ukweli mmoja mkali: ukilibeba, huna budi kusogea mpaka uone kope za mnyama, na ukikosea uko pale pale naye. Sisi wenye vyeti tunataka leseni halali na kifaa kitakachotuondolea hata huo ukweli, kisha tujiite wanamichezo. Tunamcheka mwenye gobore kwa ukale wa silaha yake, na hatujiulizi ni nani kati yetu anayeujua umbali wake.

Kwa hiyo ukiniuliza nichukue ipi, nitakuuliza kwanza: atakayefuata damu ni nani? Kama jibu ni wewe mwenyewe, kwa miguu yako, jioni, ndani ya matete, basi utachagua vizuri hata nisipokushauri. Kama jibu ni baba mdogo wa mtu, hakuna duka, Kariakoo wala Ulaya, lenye bunduki inayokufaa.